Mpima Mvua Aliyekataa Kuapa

Nimetembea na begi langu la kuziba sufuria kutoka Masasi mpaka Newala, nikipita Lisekese, Chiungutwa, Kitangari na kurudi tena, kwa miaka isiyopungua arobaini. Katika njia hizo nimekutana na watu wa kuchosha wa kila namna. Kuna mama mmoja alinirudishia sufuria mara nne akidai inavuja, kumbe yeye mwenyewe kila jioni anaigonga kwenye jiwe kutoa ukoko. Kuna mwalimu alitaka nizibe birika kwa risasi kidogo lakini idumu milele. Hao wote nimewasamehe. Aliyenichosha kuliko wote ni Cyril, mpima mvua wa Kitangari, na huyo sina hakika kama nimemsamehe, ingawa nililala kwake kila nilipopanda uwanda wa juu na nilikula ugali wake bila haya.

Cyril alizaliwa Chiungutwa, akabatizwa, akasoma mpaka darasa la nne kwenye shule ya misheni, na ujanani alikuwa mpiga kengele wa kanisa. Uhuru ulipokuja, Mzungu mmoja wa kilimo aliyekuwa Kitangari akafunga mizigo yake, ikabidi apatikane mtu wa kusoma kipimamvua. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi kwamba hakuna aliyeigombea. Kuna chombo cha shaba kimesimikwa ardhini, ndani ya uzio wa waya, kando ya njia inayoteremka bondeni kwenye maji. Kila siku, saa tatu kamili asubuhi, unakifungua, unamimina maji yaliyomo kwenye bilauri yenye mistari, unasoma, unaandika daftarini. Kama hakuna maji unaandika sifuri. Pembeni unaandika upepo unatoka wapi. Imekwisha.

Sasa, ninyi mnaojua kiangazi cha kule juu mnajua kwamba toka mwezi wa sita mpaka wa kumi na moja hakuna tone. Mtu mwingine yeyote angeandika sifuri za mwezi mzima akiwa amejilaza. Cyril hakuweza. Saa tatu kasoro robo alivaa kofia yake, akatoka.

Siku moja nilimwuliza, "Cyril, anga lile pale, jeupe kama sahani. Unakwenda kuangalia nini?"

"Nakwenda kuangalia kama hakuna."

"Si unajua kwamba hakuna?"

"Nadhani hakuna. Kujua nitajua nikishafungua."

Mkewe Bibiana alikuwa anapepeta mtama. Aliacha ungo, akanitazama. "Umesikia, Fundi? Mimi nimeolewa na hicho."

Na kutoka kwenye kipimamvua hichohicho ndiko dini yake ilikovujia. Miaka ile ya mwanzo mvua ilichelewa mara mbili, na watu waliomba. Kanisani walifanya maandamano na msalaba mbele. Msikitini wakasoma dua na kupika sadaka. Wazee wakaenda kumwaga unga chini ya mti, kama walivyofanya babu zao. Cyril, kwa sababu ndivyo alivyo, akawa anaandika kwa penseli pembeni ya daftari: leo wameomba kanisani, leo wamesoma dua, leo wamemwaga unga. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa bado anakwenda kanisani na alitumaini kuona kitu. Baada ya miaka sita alikaa na daftari zake, akapitia ukurasa kwa ukurasa. Mvua ilinyesha baada ya maombi na ilinyesha bila maombi, ilikataa baada ya maombi na ilikataa bila maombi, na haikuonyesha upendeleo kwa kanisa, msikiti wala unga.

Alikwenda kumwambia padri mwenyewe, kwa adabu, kofia mkononi. "Padri, nimepima."

Padri akamjibu, "Mwanangu, Mungu hapimwi kwa bilauri."

"Ni kweli, padri. Lakini sisi tulikuwa tunaomba mvua, na mvua inapimwa."

Tangu siku ile hakurudi tena kanisani. Hakumtukana mtu wala kumzuia Bibiana kusali, na binti yao Imakulata alipokea kipaimara huku baba yake akimshonea vifungo vya gauni. Aliacha tu, kama mtu anavyoacha tumbaku.

Hapo ndipo watu walipoanza kunichosha na wao. Kila mmoja alitafuta kidonda. Wengine walisema alifiwa na mtoto wa kwanza, moyo ukavunjika. Wengine wakasema ni ile siku ndege ya Mreno ilipopita chini juu ya Newala, akaogopa mpaka imani ikamtoka. Wengine wakasema ni mvivu wa kupiga magoti. Mimi mwenyewe, ambaye huswali, ingawa mara nyingi kwa kuchelewa, nilimwuliza siku moja kama kuna mtu alimwumiza.

"Hakuna aliyeniumiza," alisema. "Mtoto tulimzika, na nilisali bado miaka minne baada ya hapo. Ndege niliiogopa kama wewe ulivyoiogopa, nawe bado unaswali. Kwa nini hamtaki kukubali kwamba nimefikiri?"

Kwa kweli hatukutaka. Mtu mgonjwa unamhurumia na kazi imekwisha. Mtu aliyefikiri inabidi umjibu.

Aliyemjibu kila siku alikuwa Abdulkadiri, mwenyekiti wa kijiji kipya kilichoanzishwa upande wa pili wa Kitangari wakati wa kuhamia vijijini. Alikuwa mcha Mungu wa kweli, si wa kofia tu. Alfajiri yeye ndiye aliyeadhini, na kama kulikuwa na mzigo wa kijiji wa kubebwa, alianza yeye. Kila akipita kwenye uzio wa kipimamvua alisimama.

"Cyril, bado tu?"

"Bado, Mwenyekiti."

"Udhaifu huo. Nyumba isiyo na nguzo ya kati."

"Mbona imesimama?"

"Upepo haujaja."

Walikuwa wakisemezana hivyo kwa miaka mitano, mwaka mmoja baada ya mwingine, na mimi nikipita na begi langu nasikia yaleyale.

Upepo ulikuja mwezi wa nane wa mwaka sabini na tatu, na ulikuja na moto.

Kijiji kilikuwa na shamba la ujamaa la mikorosho. Mnajua kazi ya mwezi huo: kabla korosho hazijaanza kudondoka unafagia chini ya miti, unakusanya majani chungu chungu, unachoma. Unachoma alfajiri wakati kuna umande na kusi, upepo wa kiangazi, haijaamka, halafu unafukia kwa udongo. Kijijini pale walichoma kwa zamu, kila siku mtu mmoja. Siku ya Alhamisi moja, kabla ya saa tatu, shamba likawaka. Mikorosho karibu mia mbili iliungua, ile iliyokuwa ndiyo kwanza imeanza kutoa maua.

Zamu ya siku hiyo ilikuwa ya Alfani.

Alfani alikuwa mtu wa miaka ishirini na minane, mpole, mkewe alikuwa amejifungua siku tatu kabla. Mama yake, Mwanasha, alikuwa ametoka ng'ambo ya Ruvuma miaka mingi nyuma, wakati Wareno wanalimisha watu pamba kwa nguvu. Alivuka akimshika Alfani mkono. Siku za kawaida jambo hilo halikuwa na uzito, maana nusu ya uwanda ule wana ndugu ng'ambo. Lakini vita vya ng'ambo vilikuwa vikali, wakimbizi wanaingia, mabomu ya kutega yanawakata watu miguu mpakani, na kila mtu alikuwa akisikiliza neno kibaraka. Kufika Ijumaa watu hawakusema tena kwamba Alfani alichoma ovyo. Walisema alitumwa.

Alfani alisema hakufika shambani kabisa siku hiyo. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, mtoto mchanga yuko ndani, akaona ateremke bondeni kwanza na mzega wake, ule mti wa begani wa kuning'inizia madebe mawili, zamu ataifidia kesho. Akapita njia ya nyuma, ile ya kipimamvua, kwa sababu ni fupi. Nani alimwona? Mtu mmoja tu. Saa tatu alikuwa ametua madebe yake kando ya uzio, anapumua, akiongea na Cyril, na wote wawili wakauona moshi pamoja. Kutoka pale mpaka shambani ni mwendo wa saa nzima bila mzigo, na kushuka bondeni na kupanda na maji ni saa mbili nyingine.

Mnaona basi mambo yalivyokuwa. Mtu akitiwa hatiani kwa shamba la kijiji, miaka ile, na neno kutumwa linanong'onwa, hajui atapelekwa wapi wala atarudi lini. Na wa kumtoa alikuwa mmoja, Cyril.

Mimi nilifika Kitangari siku iliyofuata moto, na Jumatatu nilikwenda na wenyeji wangu mahakamani. Hakimu aliitwa Bwana Modest, mtu wa kaskazini, kutoka Moshi, kijana mwenye miwani ambaye alikuwa hajazoea kuoga kwa kopo moja la maji. Kushoto na kulia kwake walikaa wazee washauri wawili, mmoja amevaa kofia ya kufuma, mwingine amevaa tai ya kijani na kandambili. Abdulkadiri aliapa kwa msahafu, akaeleza: zamu ilikuwa ya nani, shamba liliwaka saa ngapi, hasara kiasi gani. Hakutia chumvi hata punje. Neno kutumwa hakulitamka.

Akaitwa Cyril. Karani akachukua kalamu.

"Dini?"

"Sina."

"Sikukuuliza mali. Dini."

"Nimesikia. Sina."

Karani akacheka. "Unaitwa Cyril. Naandika Mkristo."

"Jina nilipewa. Ukiandika Mkristo utakuwa umeandika kitu ambacho si kweli."

"Basi naandika mpagani, tuendelee."

"Mpagani anatambika. Mimi sitambiki."

Bwana Modest akavua miwani. "Mzee, huyu kijana anataka kujaza nafasi moja ndogo kwenye karatasi."

"Aandike hakuna," Cyril akasema. "Ni kama sifuri tu. Sifuri nayo inaandikwa."

Nilitamani kumrushia kiatu. Mwanasha alikuwa amekaa mbele yangu, na niliona mabega yake yanapanda juu.

Hakimu akasema serikali imeruhusu mtu wa namna hiyo athibitishe kwa maneno yake, bila kitabu. Hapo mzee wa kofia akakohoa. "Athibitishe, Mheshimiwa. Lakini sisi maneno yake hatutayapokea. Mtu asiyeogopa kitu, akidanganya tutamshika wapi?"

Mzee wa tai akatikisa kichwa kukubali. Ndiyo siku ya kwanza niliyowaona hao wawili wanakubaliana. "Na kura zetu ni mbili," alisema, "ya kwako moja."

Kesi ikaahirishwa mpaka Jumatatu nyingine. Alfani akarudishwa mahabusu. Hakimu alipokuwa anatoka alimwambia Cyril, bila hasira, kwa kuchoka tu, "Mzee wangu, rudi wiki ijayo ushike kitabu chochote. Tumalize."

Wiki ile nyumba ya Cyril haikukalika. Bibiana alimpakulia chakula bila kusema neno, halafu akasema maneno yote kwa mara moja. "Miaka kumi na moja nimekuacha na daftari zako. Sijakulazimisha. Leo nakuomba dakika moja, Baba Imakulata. Dakika moja! Sema halafu usahau."

"Nikiweza kusema halafu nisahau, watu wale wazee watakuwa wamesema kweli juu yangu."

"Na Alfani je?"

Mimi nikadakia, maana na mimi nilikuwa na uchungu wangu. Nilimwambia hicho ni kiburi, si fikra. Nikamwambia mwenye akili hajali maneno, anajali mtu. Nikamwambia hata mimi husema wallahi sokoni mara kumi kwa siku, na sufuria bado zinavuja. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake, na hilo nalo liliniudhi.

Siku ya Alhamisi akaja Mwanasha. Cyril akasimama. "Shikamoo, Mama Alfani."

"Marahaba. Sikuja kuamkiwa." Alikataa mkeka, akabaki wima. "Nimeambiwa kitabu kwako ni karatasi."

"Mama..."

"Jibu. Ni karatasi au si karatasi?"

"Ni karatasi."

"Basi shika karatasi. Mbona kila siku unashika karatasi kule kwenye mvua yako?"

Nilimwona Cyril anatafuta mahali pa kuweka mikono. "Karatasi ningeishika, mama. Ni yale maneno wanayotaka niseme nikiwa nimeishika."

"Maneno gani?"

"Ee Mungu nisaidie."

"Kwani hutaki kusaidiwa?"

Bibiana aligeuka ukutani. Sijui alikuwa anacheka au analia. Cyril akasema polepole, "Mama Alfani, ninachoweza kumpa mwanao ni neno langu. Sina kingine. Nikianza kwa kusema nisichokiamini, hakimu akiniuliza kama nilimwona Alfani nitakuwa nimekwisha kudanganya mara moja mbele yake. Nikishalitoboa hilo neno, nitampa mwanao nini?"

"Litoboe. Fundi wako huyu hapa ataliziba."

Halafu akaniangalia mimi, si yeye, na sauti yake ikashuka. "Mtoto hajapewa jina. Alfani amesema asubiriwe. Siku ya saba imepita."

Akaondoka. Hakuna aliyekula mchana ule.

Jumamosi asubuhi niliamka niende nyuma ya ghala kujisaidia, nikasikia sauti ya Cyril. Alikuwa amesimama peke yake, amefumba macho, ameshika kitabu cha sala cha Bibiana. "Ee Mungu nisaidie," alisema. Akasema tena, kwa sauti nyingine, kama mtu anayekanyaga ubao kuona kama utamchukua. Akasema mara ya tatu. Kisha akaniona.

"Maneno yanatoka," aliniambia. "Nitaapa."

Mimi niliyemgombeza wiki nzima, nilipaswa kufurahi. Lakini sura yake ilikuwa kama ya mtu aliyetoka kuuza ng'ombe wa mwisho. Bibiana alipoambiwa alimwimbia Mungu wake palepale jikoni, halafu katikati ya wimbo akaacha, akaja kumwangalia mumewe, akarudi kimya kupuliza moto.

Jumatatu mahakama ilijaa. Habari ilikuwa imefika mpaka chini Lisekese kwamba Cyril anarudi kundini. Wakristo walikaa mbele wakiwa na nyuso za harusi. Alfani aliletwa, amekonda. Karani akasoma jina, akauliza dini, na Cyril akasema kwa sauti ndogo, "Andika unavyotaka." Karani akaandika. Biblia ikaletwa. Cyril akainyooshea mkono wake wa kulia, ule wenye madoa ya wino.

"Sema baada yangu," karani akasema.

"Subirini."

Aliyesema alikuwa Abdulkadiri. Alikuwa amesimama kwenye upande wa walalamikaji, kanzu nyeupe, uso umekunjamana kama aliyelishwa shubiri.

Hakimu akasema, "Mwenyekiti, zamu yako utapewa."

"Naomba radhi, Mheshimiwa. Msimwapishe huyu."

Ukumbi ukanguruma. Mwanasha akasimama wima kabisa. "Abdulkadiri! Umekwisha kunitoa macho, sasa unataka na kope?"

"Kaa, mama, nisikilize." Akageukia wazee. "Huyu haamini. Mimi najua haamini, ninyi mnajua, karani anajua na ndiyo kwanza ameandika uongo. Mnamshika mkono mtu mbele ya macho yangu alitaje jina la Mungu kwa uongo, halafu mniambie ndiyo tumepata ukweli? Dhambi hiyo si yake. Yeye hajui anachokivunja. Ni yenu, na yangu mimi nikikaa kimya."

Mzee wa kofia akasema, "Wewe si ndiye uliyeleta kesi? Asipoapa umeshinda."

"Sikuja kushinda. Nimekuja na mikorosho mia mbili iliyoungua."

"Basi unataka tumwamini kwa nini?"

Abdulkadiri akafuta uso kwa mkono wa kanzu. Mimi nilikuwa karibu, niliona jinsi jibu lilivyokuwa linamkera likipanda kooni. "Nina miaka mitano nagombana na mtu huyu kila wiki. Nimemtafutia uongo. Wallahi nimeutafuta, maana ningeupata ningemwonyesha kwamba asiye na Mungu hana kitu cha kumzuia. Sijaupata. Hata mmoja. Na hilo ndilo linaloniudhi."

Watu walicheka, lakini si sana. Bwana Modest akawageukia wazee wake. Walinong'ona kwa muda mrefu, tai na kofia zikigongana. Mwishowe mzee wa tai akasema, "Atamke bila kitabu. Lakini atuangalie usoni." Karani akakata alichoandika, akaandika hakuna, kwa hasira, kalamu ikatoboa karatasi.

Cyril akaeleza. Saa tatu, kipimamvua, sifuri. Alfani na madebe mawili ya maji, mzega begani, ameuliza kama kuna kivuli. Wameuona moshi pamoja. Moshi ulikuwa tayari mkubwa, kwa hiyo moto ulianza kabla, na Alfani alikuwa ametokea chini, bondeni, si juu. Maneno machache, kama daftari lake.

"Upepo?" hakimu akauliza.

"Kusi. Kali, tangu usiku. Iliniamsha kwa kugonga mabati."

"Kwa hiyo kama hakuna aliyewasha asubuhi ile..."

"Mimi sikuona nani aliwasha, Mheshimiwa. Siwezi kusema. Ninachojua ni kwamba zaidi ya siku sitini hakukuwa na tone, na upepo wa namna ile unafunua udongo."

Hakimu, ambaye kwao hawachomi chini ya mikorosho, hakuelewa. Lakini sisi wote tulielewa kwa pamoja. Chungu cha majani kilichochomwa jana na kufukiwa kinaweza kulala na moto wake tumboni. Ukitazama unaona udongo tu. Kusi ikipita juu yake usiku kucha, asubuhi kinaamka.

Hakuna aliyemwangalia Abdulkadiri, maana kila mtu alikuwa anahesabu zamu kimoyomoyo. Yeye mwenyewe alikuwa ameshamaliza kuhesabu. Alibaki amesimama, mkono umeshika ukingo wa meza.

"Mheshimiwa," alisema, "kiapo changu cha wiki iliyopita bado ninacho?"

"Bado unacho."

"Zamu ya Jumatano ilikuwa yangu. Nilichoma mimi, nikafukia mimi. Nilikuwa na haraka ya kikao. Nilidhani moto umekufa."

Alfani aliachiwa kabla ya adhuhuri. Wazee wote wawili walipiga kura upande wake, na Mwanasha hakumngoja mtu, alimkamata mwanawe mkono kama alivyomvusha mto zamani, wakashika njia. Abdulkadiri hakushtakiwa, kijiji kiliamua chenyewe apande upya, na alipanda, mche mmoja mmoja, miaka miwili, wengi tukimsaidia na yeye akitufukuza.

Lakini siku ile tulirudi Kitangari watu watatu kwa miguu, Cyril, Abdulkadiri na mimi nyuma na begi langu linalogongana. Nilidhani watakaa kimya angalau mpaka kwenye mteremko. Hawakufika.

"Mimi nilimwogopa Mungu," Abdulkadiri akasema. "Ndiyo maana nilisema. Bila hivyo, nakwambia kweli, nisingesema. Nilikuwa na nafasi ya kunyamaza, hakuna aliyeniuliza. Wewe ulikuwa unaogopa nini kuapa? Nani angejua?"

"Mimi ningejua."

"Wewe peke yako?"

"Mimi peke yangu."

Abdulkadiri akasonya kwa nguvu. "Na Jumamosi ukasema utaapa. Bibiana amemwambia mke wangu. Kwa hiyo nguzo yako ingevunjika leo, kama si mimi."

"Ingevunjika," Cyril akasema.

Nilingoja aongeze kitu, atetee, apime. Hakuongeza. Abdulkadiri naye alikuwa amejiandaa kwa ubishi mrefu, akajikuta hana wa kubishana naye, akatembea hatua kadhaa akinung'unika.

"Basi unaona ni udhaifu," alisema mwishowe.

"Naona kwamba leo nilikuwa dhaifu. Lakini sikuwa dhaifu kwa sababu siamini. Nilikuwa dhaifu nilipotaka kujifanya naamini."

"Astaghfirullah! Fundi, unamsikia huyu?"

Nilikuwa nawasikia. Nilikuwa na njaa, miguu inaniuma, na jua lilikuwa kali. Niliwaambia kama hawatanyamaza wote wawili nitakaa chini palepale njiani na watanibeba. Walinyamaza kama hatua kumi. Kisha Cyril akatazama jua, akasimama ghafla.

"Leo saa tatu sikuwepo," alisema.

"Andika sifuri," Abdulkadiri akamwambia. "Hakuna wingu mpaka Songea."

Cyril akamtazama kwa namna ambayo hata mwenyekiti alijua amekosea, akaongeza mwendo kuelekea kwenye uzio, na sisi wawili, hasira juu, tukamfuata.